Vua Koti

Juni 1793, bandari ya Sheerness, Uingereza. Kijana wa miaka 17 anapanda manowari ya tanga iitwayo Hind. Ni mrefu kuliko karibu kila mtu sitahani, futi sita na ushee, na amekuja na sanduku la nguo, sanduku kubwa la mtoto wa wakubwa. Anaitwa Thomas Cochrane. Baba yake ni Earl wa Dundonald, ukoo wenye jina Uskoti nzima. Baba yake mdogo ndiye nahodha wa manowari hiyo.

Lakini anayempokea ni luteni wa kwanza, Jack Larmour, mtu aliyeanza ubaharia kwa kuvuta kamba na kupanda milingoti, mpaka mikono yake ikampa uofisa. Amevaa nguo za baharia wa kawaida. Shingoni amening'iniza chuma kilichochongoka cha kufumulia kamba. Mkononi ana bonge la grisi, kwa sababu yuko kazini. Anamtazama kijana. Analitazama sanduku. Hasira zinampanda: tangu lini manowari ikawa stoo ya mizigo ya mabwana?

Muda si mrefu kijana anasikia msumeno.

Anashuka chini mbio. Nguo zake zimetolewa zote, na baharia mmoja yuko juu ya sanduku, analikata upande, karibu kabisa na tundu la ufunguo, ili litoshe kwenye nafasi iliyopo.

Sasa nijibu wewe. Ungefanya nini?

Ungekwenda kumshtaki luteni kwa baba mdogo? Ungesusa kula? Ungeandika kwenye kundi la ukoo kwamba kazini wanakuonea wivu?

Cochrane hakushtaki. Alivua koti la uofisa. Akavaa nguo za kazi, akamwendea yule yule Larmour, akaomba afundishwe. Kuunga kamba zilizokatika. Kupanda mlingoti na kukunja tanga juu ya foromali huku merikebu inalala ubavu. Kuingia ngamani, kushika grisi, kuchafuka. Na luteni aliyekuwa na kinyongo na watoto wa mabwana akageuka kuwa mwalimu wake, kwa sababu hakuna fundi duniani asiyempenda mwanafunzi aliyekunja mikono ya shati. Januari 1795, mwaka mmoja na nusu tu baada ya msumeno ule, kijana alikuwa anakaimu uluteni.

Alivua koti.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, na sikuachii mpaka yakukae.

Kwa sababu wewe una koti. Usiniambie huna. Koti lako huenda ni shahada, imelala ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, na kila ukitajiwa kazi unaitazama ile bahasha kwanza kuiuliza kama inaruhusu. Koti lako huenda ni jina la baba. Huenda ni ile sifa uliyopewa ukiwa darasa la saba, kwamba mtoto huyu ana akili sana, na tangu siku hiyo unaila hiyo sifa kidogo kidogo kama mstaafu anayekula pensheni. Una akili, nakubali. Kipaji kimejaa tele ndani yako, nakubali hilo pia, na wala sihitaji kukujua ili nilikubali. Lakini kimelala!

Kimelala na koti lake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umeimba methali hiyo tangu utoto. Mara ya mwisho kuinama ilikuwa lini?

Najua utakachosema. Utasema huyo Cochrane alizaliwa juu, mambo yake yalikuwa yamepangwa. Haya, tuyafungue mambo yake tuyaone. Baba yake alikuwa mvumbuzi. Mwaka 1781 alipata hataza ya kutengeneza lami kutokana na makaa ya mawe, lami ya kupaka chini ya merikebu kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Mwambao wetu wote unamjua mdudu huyo, ndiyo maana mafundi hupaka shahamu chini ya jahazi. Wazo lilikuwa zuri. Wakubwa wa Jeshi la Wanamaji wakalikataa, na mali ya ukoo ikayeyukia kwenye majaribio, moja baada ya jingine. Siku Thomas anakwenda baharini, yule Earl alilazimika kukopa pauni 100 ili mwanawe apate mavazi na vifaa. Akampa na saa ya dhahabu. Cochrane mwenyewe aliandika uzeeni kwamba saa hiyo ndiyo urithi pekee aliowahi kuupata kwa baba yake.

Saa moja!

Wewe umerithi nini? Simu unayoisomea maneno haya inakuonyesha saa vilevile. Unaitumiaje?

Na wala hakuwahi mapema. Nelson, admirali maarufu wa Uingereza, aliingia baharini na miaka 12. Cochrane, mwenye 17, aliingia kama mtu mzima anayeketishwa na watoto wa chekechea. Alichelewa. Basi akafanya nini? Alilia kwamba wakati umempita? Alikimbia. Ndivyo anavyofanya aliyechelewa, anakimbia, hakai pembezoni mwa barabara kuhesabu waliomtangulia.

Wewe unahesabu wangapi?

Twende mwaka 1800. Uingereza iko vitani na Ufaransa na Hispania. Cochrane anapewa merikebu yake ya kwanza kuiongoza, katika Bahari ya Mediterania. Inaitwa Speedy. Sikiliza ukubwa wake: tani 158. Mizinga 14, ya risasi za ratili nne nne, vichezeo. Alisimulia kwamba risasi zote za upande mmoja wa merikebu aliweza kuzitia mifukoni mwa koti lake akatembea nazo. Chumba chake kilikuwa na dari ya futi tano, na yeye ana futi sita na ushee. Hakuweza kusimama wima ndani ya chumba chake mwenyewe. Kila alipotaka kunyoa ndevu alifungua kidirisha cha darini, akatoa kichwa nje, akaweka kioo na wembe juu ya sitaha, akanyoa huko huko upepo ukimpiga.

Wewe unasubiri ofisi.

Unasubiri mtaji kamili, mashine kamili, fremu kwenye barabara ya lami, kamera mpya, kompyuta mpya, mwezi mpya, mwaka mpya. Unasubiri dari iinuke ndipo usimame. Fungua kidirisha, toa kichwa, nyoa ndevu, anza kazi!

Kwa kijisanduku hicho kinachoelea, katika miezi 13, Cochrane aliteka vyombo zaidi ya 50, mizinga 122 na mateka 534. Kwa nguvu gani? Nguvu hakuwa nayo. Alikuwa na kichwa kinachofanya kazi usiku na mchana. Aliipaka Speedy rangi ifanane na merikebu ya Denmark, nchi isiyokuwa vitani, na akamchukua Mdenmark mmoja akampa sare ya uofisa wa kwao. Siku manowari kubwa ya Hispania ilipomkaribia kumkagua, alipandisha bendera ya njano ya karantini, na yule Mdenmark akawaambia wametoka kwenye bandari yenye tauni. Wahispania wakageuza. Usiku mwingine alifukuzwa na manowari iliyomzidi mbio. Alizima taa zote, akashusha majini pipa lenye taa ndani yake, akakata kona gizani. Adui akaifuata taa ya pipa.

Unaona? Mtu asiye na nguvu hana ruhusa ya kuwa na kichwa kivivu. Huna hela? Basi fikiri mara mbili ya mwenye hela. Huna mtu wa kukushika mkono? Basi amka kabla ya wenye watu wao. Usiniambie wametangulia. Niambie umejaribu mangapi mwezi huu ambayo hukuwahi kuyajaribu maishani mwako.

Sema namba. Sema kwa sauti.

Kisha ikaja asubuhi ya Mei 6, 1801, karibu na Barcelona. Manowari ya Hispania, El Gamo, inaibuka. Mizinga 32. Watu 319. Speedy siku hiyo ina watu 54, ukihesabu maofisa, mabaharia na watoto wa kazi. Mtu na akili zake angekimbia, na hakuna ambaye angemlaumu.

Cochrane akaelekeza omo moja kwa moja kwa Gamo.

Hapa nataka utulie, kwa sababu hapa ndipo pana siri, nayo si uchawi. Kwanza alipandisha bendera ya Marekani, Wahispania wakasita, na kusita kwao kukampa muda wa kusogea. Akapandisha bendera yake halisi, akapokea mizinga yao bila kurudisha hata risasi moja. Akasogea. Akasogea tena. Akasogea mpaka mbao zikagusa mbao, na foromali za Speedy zikanasa kwenye kamba za Gamo. Kwa nini? Kwa sababu Gamo ilikuwa ndefu kwenda juu, na mizinga yake ilikaa juu. Ukiwa mbali nayo inakuchana vipande. Ukiwa chini ya ubavu wake, risasi zake zinapita juu ya kichwa chako, zinatoboa matanga tu. Na mizinga midogo ya Speedy, ile ya kuchezea, iliyoshindiliwa risasi tatu tatu na kuinuliwa midomo, ikawa inapasua sitaha ya Gamo kutoka chini. Nahodha wa Gamo akawa miongoni mwa waliokufa mwanzoni.

Wahispania walijikusanya waruke kuivamia Speedy. Cochrane akasikia amri yao, akaisogeza merikebu pembeni kidogo, akawapiga, akarudi. Wakajaribu tena, akafanya vile vile. Hatimaye akaona mambo hayawezi kwenda hivyo hadi jioni. Akaamuru wote wapande Gamo. Wote! Katika Speedy alibaki mtu mmoja tu, daktari James Guthrie, ameshika usukani. Kundi moja lilijipaka masizi usoni likapandia omoni, likitokea ndani ya moshi, na Wahispania wakapigwa na butwaa. Katikati ya vurugu Cochrane akapaza sauti kumwambia daktari alete watu wengine hamsini. Hamsini wapi! Merikebuni mlikuwa na daktari na usukani wake. Kisha akamtuma baharia kuishusha bendera ya Hispania. Walipoiona imeshuka, wakadhani maofisa wao wamesalimu amri, nao wakaweka silaha chini.

Upande wa Cochrane walikufa watu watatu. Mateka walikuwa 263, wakalindwa na mabaharia wachache kwa mizinga yao wenyewe, iliyoelekezwa kwenye mlango wa ngama.

Sasa wewe. Ipo Gamo yako. Unaijua kwa jina. Ni ule mtihani uliouahirisha mara ya tatu. Ni ile biashara unayoizungukia kwa mbali, unaitazama, unaizungumzia kijiweni, unauliza watu wanaionaje. Ni yule mtu ambaye unapaswa kumpigia simu umwambie, nipe nafasi nikuonyeshe. Kila ukiitazama kutoka mbali inakuwa kubwa zaidi. Kutoka mbali inakupiga. Umekaa mahali pabaya kuliko pote, mahali ambapo mizinga yake inakufikia na ya kwako haifiki.

Sogea!

Sogea mpaka uiguse. Kitu unachokiogopa kina mizinga ya mbali. Ingia chini ya ubavu wake, anza ukurasa wa kwanza, uza bidhaa ya kwanza, tamka neno la kwanza mbele ya watu, na utashangaa risasi zinavyopita juu.

Utaniuliza, baada ya ushindi ule alitunzwa vipi? Alipandishwa cheo kuwa kepteni kamili Agosti ile, baada ya kucheleweshwa miezi. Alipoomba luteni wake naye apandishwe, alijibiwa kwamba waliokufa Speedy walikuwa wachache mno kustahili hilo. Akamwandikia mkuu wa wanamaji, Lord St Vincent, kwamba katika vita vilivyompa mheshimiwa huyo cheo chake, kwenye merikebu yake alikufa mtu mmoja tu. Ni kweli, lakini jibu hilo lilimgharimu miaka. Simsifu Cochrane kwa kila kitu. Ulimi wake ulimjengea maadui mahali ambapo kimya cha siku mbili kingemjengea marafiki, na wewe mwenye hasira za haraka lichukue hilo kama lilivyo.

Lakini ngoja nikuonyeshe alichofanya vita viliposimama. Mwaka 1802 amani ilitiwa saini. Nahodha huyu, mwenye jina katika magazeti, mwenye umri wa miaka 26, alijiona mtupu wa elimu ya darasani. Akaenda Edinburgh, akakaa kwenye benchi za chuo kikuu pamoja na vijana, akamsikiliza mwanafalsafa Dugald Stewart.

Alivua koti tena. Safari hii lilikuwa koti la ushindi, na hilo ndilo zito kulivua.

Wewe unasema umri umekwenda, utaona aibu kukaa na watoto. Aibu gani? Miaka minne itapita ukiwa umesoma, na itapita ukiwa hujasoma. Haikuombi ruhusa!

Nipite haraka kwenye miaka ya utukufu wake, maana utukufu haufundishi mengi. Vita vilipoanza tena alipewa manowari kubwa zaidi, Pallas kisha Imperieuse, akaipekecha pwani ya Ufaransa na Hispania. Aprili 1809, katika ghuba ya Basque Roads, aliongoza usiku shambulio la merikebu zilizojazwa moto na baruti, msafara wa Wafaransa ukakata nanga na kukwama kwenye matope. Naye akiwa mbunge wa Westminster akampinga hadharani admirali wake kwa kutomalizia kazi. Admirali akasafishwa na mahakama ya kijeshi. Cochrane akakaa bila merikebu.

Halafu akaanguka. Na hapa sikupitishi haraka.

Februari 1814 mtu aliyevaa sare alifika Dover akitangaza kwamba Napoleon, mtawala wa Ufaransa aliyekuwa vitani na Uingereza, amekufa. Uongo mtupu, lakini bei katika soko la hisa la London zikapaa, na wajanja wakauza. Cochrane alishtakiwa kuwa miongoni mwao. Alikana, na aliendelea kukana hadi kaburini, na wanahistoria wanabishana mpaka leo. Mahakama haikubishana. Faini ya pauni 1,000, kifungo cha mwaka mmoja. Akafutwa jeshini. Akafukuzwa bungeni. Akavuliwa nishani ya Bath, na bendera yake ya nishani hiyo iliyotundikwa katika kanisa la Westminster Abbey ikang'olewa, ikatupwa nje na kupigwa mateke kwenye ngazi.

Safari hii walimvua wao. Cheo, sare, jina. Alikuwa na miaka 38.

Kaa na hilo dakika moja, wewe uliyefukuzwa kazi. Wewe ambaye kikundi kilikutangaza mwizi. Wewe uliyefilisika na mtaa mzima ukajua, na sasa unapitia njia ya nyuma ya nyumba usikutane na watu. Najua uchungu huo haupimiki. Sikwambii usiumie.

Nakuuliza tu: walipokuvua koti, mikono waliichukua?

Wapiga kura wa Westminster walimrudisha Cochrane bungeni mwaka ule ule. Lakini bahari ya kwao ilikuwa imefungwa. Basi akatafuta bahari nyingine. Mwaka 1818 alisafiri na mkewe Katherine, mwanamke aliyemwoa kwa siri na kwa hilo akakosa urithi wa baba mdogo wake mwingine aliyekuwa tajiri, na Novemba wakatia nanga Valparaíso, Chile. Nchi ilikuwa imetangaza uhuru Februari ya mwaka huo. Wahispania walikuwa bado wanaitawala Bahari ya Pasifiki kutoka Peru, na Chile ilikuwa na merikebu chache za kuokoteza. Wakamfanya kiongozi wa jeshi lao la wanamaji.

Nikuhesabie yaliyofuata? Usiku wa Novemba 5, 1820, katika bandari ya Callao, Peru, chini ya mizinga ya ngome za nchi kavu, aliingia na watu 240 kwa mashua, wote wamevaa nguo nyeupe na kitambaa cha buluu mkononi ili wasiuane gizani, akaiteka manowari Esmeralda. Alipigwa risasi ya paja, akaendelea kutoa amri. Merikebu za nchi zisizohusika zilipopandisha taa ili zisipigwe, naye akapandisha taa zile zile, na ngome zikashindwa kujua zimpige nani. Mwaka 1823 Brazil ikamwita, akalisukuma jeshi la Ureno nje ya Bahia na Maranhão. Ugiriki ikamwita, na huko alishindwa kufanya mengi, lazima niseme hivyo. Mwaka 1832 mfalme wa Uingereza akamsamehe na kumrudishia cheo. Mwaka 1847 Malkia Victoria akamrudishia nishani. Alikuwa na miaka 72 aliposafiri kushika uongozi wa manowari za Uingereza katika Amerika ya Kaskazini na Karibiani. Alifariki Oktoba 1860, akazikwa Westminster Abbey, na kwa amri ya Malkia ile bendera iliyopigwa mateke ilikuwa imerudishwa mahali pake.

Lakini kuna usiku mmoja nimeuruka kwa makusudi.

Januari 1820. Cochrane yuko kwenye manowari yake O'Higgins, kusini mwa Chile, anaelekea Valdivia, ngome imara kuliko zote za Wahispania upande ule, yenye mizinga zaidi ya 100. Amechoka kiasi cha kuanguka. Hana maofisa wa kutegemea. Anamwachia luteni zamu, analala. Luteni naye anamwachia zamu kijana anayejifunza uofisa, analala. Kijana naye analala.

Watu watatu, usingizi mmoja. Merikebu ikapanda mwamba.

Maji yakaingia. Futi tatu ngamani, nne, tano. Mashua zilizokuwepo zisingebeba hata nusu ya watu. Pampu mbovu, hazivuti. Seremala wa merikebu hajui azifanye nini. Mabaharia wanakimbilia mashua. Baruti iliyokuwa chini inalowa yote.

Na huyu ni admirali. Mwana wa Earl. Pale sitahani hapakuwa na cheo kilichozidi chake. Angeweza kubweka amri mpaka merikebu izame, na kesho wangeandika kwamba alitoa amri zote zinazotakiwa.

Akavua koti.

Yeye mwenyewe, usiku ule, akashuka kwenye pampu, akazifungua, akazichokonoa kwa mikono yake. Kufika saa sita za usiku pampu mbili zilikuwa zinatema maji. Maji hayakupungua, lakini yakaacha kupanda, na hilo lilitosha. Wakatupa nanga mbali, wakaivuta merikebu kwa kamba mpaka ikateleza kutoka mwambani. Kulipokucha O'Higgins inavuja, baruti hakuna, na ngome ya Valdivia ingali mbele. Maofisa wakamtazama wakingoja aseme tunarudi.

Akawahamishia askari wake kwenye vyombo viwili vidogo. Walikuwa wapata 300. Kwa kuwa baruti ilikuwa imelowa, aliwaambia watatumia singe. Usiku wa Februari 3 wakateremka ufukweni penye mawimbi, wakapanda njia nyembamba gizani, wakaingia ngome ya kwanza, wakawafukuza walinzi hadi ya pili, wa pili hadi ya tatu. Ilipofika siku iliyofuata ngome za Valdivia zilikuwa mikononi mwa Chile. Walikufa watu saba wa upande wake, na 19 wakajeruhiwa.

Kutengeneza pampu hakukuwa somo la Edinburgh, wala hakukuja na damu ya ukoo wa Dundonald. Mikono ile ilianza kufundishwa kazi ndani ya Hind, kando ya mtu mwenye bonge la grisi, na kijana alikubali kujifunza akiwa bado anasikia msumeno masikioni. Usiku ule wa pampu alikuwa na miaka 44.